Je, turuhusu mashabiki wasimame uwanjani, au tuendelee kujidanganya kwamba wamekaa?

Kijana wa Mtoni

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina swali ambalo ningependa tulijadili bila kuingiza ushabiki wa Simba na Yanga, ingawa najua kuomba hivyo hapa Dar es Salaam ni sawa na kuomba mvua ya masika isiloweshe Jangwani. Swali ni hili: je, haujafika wakati wa kuwaruhusu rasmi mashabiki wanaopenda kutazama mpira wakiwa wamesimama wafanye hivyo, katika eneo lililotengwa na kutengenezwa kwa ajili yao, kuliko hali ya sasa ambapo kwenye makaratasi kila mtu ana kiti lakini jukwaani hakuna anayekikalia?

Mimi ni mtu wa mzunguko. Katika mechi kubwa kwa Mkapa, uwanja uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi za watu 60,000, wengi wetu tunaolipa kiingilio cha chini hunyanyuka mwamuzi anapopuliza filimbi ya kwanza na hatukai tena mpaka mapumziko. Wa mbele akisimama, wa nyuma hana hiari, naye husimama. Na wa nyuma yake, akishaona anatazama visogo vya watu, hupanda juu ya kiti. Sijawahi kusikia tangazo lolote la kipaza sauti lililobadilisha jambo hilo kwa zaidi ya dakika moja.

Msimu uliopita, katika uwanja ambao hakuna haja ya kuutaja, mbele yangu alikuwapo kijana aliyevaa raba nyeupe, amesimama juu ya kiti cha plastiki tangu mwanzo, na kila timu yake ilipopata kona alikuwa akinesanesa kwa hamu mpaka nikajikuta natazama bolti za kile kiti badala ya kutazama mpira. Ufa ulianzia pale bolti inapoingia, ukatambaa taratibu kama mstari wa penseli kuelekea ukingoni. Goli lilipoingia kiti kikakatika, kijana akaanguka kwa mbele, na mgongo wa kiti cha safu ya chini ukamchana ugoko. Alinyanyuka anashangilia huku damu inaingia kwenye raba. Nilijiuliza: kama angekuwa amesimama chini, juu ya zege, na mbele yake kuna bomba la chuma la kushika, angeumia?

Wakazi wa jiji hili tunaijua tofauti ninayoisema. Mwaka 2020, wakati wa korona, daladala ziliamriwa kupakia levo siti, kila abiria na kiti chake, kwa sababu daladala haikuundwa ili watu wasimame humo wameinamisha shingo. Basi la mwendokasi, kwa upande mwingine, limeundwa likiwa na nafasi ya kusimama, paa la juu, milango mipana na mabomba ya kujishikilia. Aliyesimama ndani ya mwendokasi hajavunja utaratibu wowote. Kwa nini basi jukwaa lisiwe na sehemu ya namna hiyo?

Ninafahamu kwamba mechi za CAF zinahitaji viti vya mtu mmoja mmoja vyenye namba, kwa hiyo ninazungumzia mechi za ligi ya ndani. Ninauliza sasa kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kuwa wenyeji wa AFCON ya 2027, viwanja vinajengwa na vingine vinakarabatiwa, na zege likishakauka hakuna atakayetusikiliza. Nawasilisha.

---

Msomaji wa Upanga

Ndugu mleta mada, hoja yako ni nzuri, lakini haiwezi kujadiliwa kwa haki bila kueleza ni kwa nini kusimama kulipigwa marufuku huko ambako sisi huwa tunaangalia mpira wao kila Jumamosi. Naomba mnivumilie, kwa kuwa watu wengi wanaitaja Hillsborough kama sababu ya kukataa kusimama, na ukiuliza nini hasa kilitokea pale, wachache ndio wanaojibu.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Liverpool ilikuwa inacheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool waliokuwa na tiketi za kusimama walikuwa 10,100, na wote walitakiwa kuingilia upande wa Leppings Lane kupitia mageti saba ya chuma, yale yanayozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja. Uchunguzi uliofuata ulipendekeza kwamba geti la namna hiyo lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Zidisha mara saba, utapata 4,620. Kwa hiyo hata kama kila mtu angekuwa mtulivu kama yuko ibadani, kazi ile ilihitaji zaidi ya saa mbili, na watu wengi hufika katika saa ya mwisho kabla ya mchezo, huko kama hapa.

Nje msongamano ukawa wa kutisha. Saa nane na dakika 52 mchana kwa hesabu yetu ya Kiswahili, dakika nane kabla ya mpira kuanza, polisi wakafungua geti kubwa la kutokea, na ndani ya dakika chache watu wapatao 2,000 wakamiminika humo. Mbele yao kulikuwa na njia ya chini kwa chini iliyoelekea moja kwa moja kwenye mazizi mawili ya katikati, nyuma ya goli. Ninasema mazizi kwa makusudi. Jukwaa lilikuwa limegawanywa kwa nyua za chuma ubavuni, na mbele kulikuwa na uzio mrefu wa kuwazuia mashabiki wasiingie uwanjani. Mazizi yale ya katikati yalikuwa yamekwisha kujaa kabla ya geti kufunguliwa, wakati yale ya pembeni yalikuwa na nafasi ya kutosha, na hakuna aliyesimama mdomoni mwa ile njia kuwaambia watu wapite kushoto au kulia. Mchezo ulisimamishwa dakika sita baada ya kuanza. Watu 97 wamehesabiwa kufa kutokana na siku ile, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kwa majeraha aliyoishi nayo miaka 32.

Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa mashabiki wenyewe, kwamba walilewa na kusukumana. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa baraza la uchunguzi wa vifo kutamka kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuchangia hali ile ya hatari. Hapo nawaomba tutulie kidogo, kwa maana hata huku kwetu, watu wakikanyagana, sentensi ya kwanza kutoka kwa wakubwa huwa ni kwamba wananchi hawakuwa wastaarabu.

Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa mwanzo, alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990 na kupendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu; klabu za madaraja mawili ya juu England zikapewa hadi Agosti 1994 kutimiza. Lakini jaji huyo huyo hakusema kwamba kusimama kwenyewe ndiko kunakoua. Alisema viti, kuliko hatua nyingine yoyote moja, vingesaidia zaidi kulinda usalama, hasa kwa kuwa kiti kinahesabika: viti 1,000 ni watu 1,000. Jukwaa la kusimama lilihesabiwa kwa kukadiria tu.

Sasa yaliyofuata ndiyo yanayoipa nguvu hoja ya mleta mada. Sheria ile haikuigusa Uskoti, na mwaka 2016 Celtic waliweka sehemu ya nafasi karibu 2,600 yenye viti vinavyokunjwa vilivyofungwa kwenye reli ya chuma inayofika kiunoni. Uingereza ikaangalia, ikapima, na tarehe 2 Januari 2022, Chelsea walipocheza na Liverpool, kusimama kukaruhusiwa tena kwa majaribio katika uwanja wa ligi kuu ya England. Msimu uliofuata kukafunguliwa kwa klabu nyingine zilizotimiza masharti. Sharti kubwa ni dogo kwa maneno: nafasi moja, mtu mmoja. Anayesimama ana kiti chake, namba yake na reli yake. Hawakurudisha mazizi.

Wajerumani wao hawakuacha kabisa. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund huchukua karibu watu 25,000 waliosimama katika mechi za ligi, na kwa miaka mingi lilipokuja shindano la Ulaya walikuwa wakifunga viti na idadi inashuka sana. Tazameni tofauti: Uingereza imerudisha kusimama bila kuongeza hata mtu mmoja, Ujerumani inasimamisha watu wengi zaidi kuliko viti na ndiyo maana tiketi zao za kusimama ni nafuu. Ukisema "turuhusu kusimama", ni lazima useme unamaanisha kupi, kwa sababu viongozi wetu wa mpira wakisikia kwamba jukwaa lile lile linaweza kuingiza watu mara mbili, hawataendelea kusikiliza habari ya reli.

---

Binti Temeke

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na ninawashukuru kwa lugha ya heshima, maana mada za mpira hapa huwa zinaishia kwenye matusi. Hata hivyo ninaona mmezungumza kama watu warefu.

Baba yangu ana umri wa miaka 74. Alianza kwenda uwanjani enzi za Shamba la Bibi, huu tunaouita leo Uwanja wa Uhuru, akikaa kwenye ngazi za zege na gazeti chini ya suruali, na anazo hadithi za mechi za watani ambazo familia nzima tumezihifadhi kama sala. Goti lake la kulia halimruhusu kusimama zaidi ya dakika kumi. Mwaka jana nilimnunulia tiketi ya mzunguko kwa sababu ndiyo niliyoimudu, tukafika mapema, tukachagua viti vizuri, nikavifuta vumbi kwa khanga yangu, akakaa ameshika redio yake ndogo kama alivyozoea. Mpira ulipoanza, watu wote wa mbele wakasimama. Baba akasimama nao, akakaa, akasimama, akakaa. Kufikia dakika ya ishirini alikuwa amekaa moja kwa moja, anaangalia migongo ya jezi, na anasikiliza kwenye redio mchezo unaochezwa mita hamsini mbele yake. Nilimwuliza kama tuondoke. Akanijibu, "Mwanangu, hapa angalau nasikia kelele zenyewe."

Kwa hiyo mkisema kwamba watu wanasimama tu hata wakikatazwa, kwa hiyo waruhusiwe, mimi ninasikia kwamba aliyevunja utaratibu anapewa zawadi na aliyeufuata anaambiwa atafute kwingine. Kwingine ni wapi? Ni VIP, ambako kiingilio ni mara kadhaa ya kile cha mzunguko. Mtu mwenye goti bovu na pensheni ndogo ndiye mtakayemtoza zaidi ili akae.

Nami mwenyewe nina futi tano kasoro. Nikisimama nyuma ya wanaume, naona mabega. Na kuna jambo ambalo wanaume hamlisemi kwa kuwa haliwapati: katika kundi lililosimama na kubanana, mikono ya watu hupotea njia, na mwanamke hajui amlalamikie nani. Kiti, hata kama ni cha plastiki kilichopasuka, kinaniwekea mpaka. Kila upande kuna sentimita kadhaa ambazo ni zangu.

Sipingi moja kwa moja. Ninasema kwamba yeyote anayependekeza eneo la kusimama aanze kwa kueleza namna atakavyowalinda waliokaa, na eneo lao libaki kwa kiingilio kile kile cha chini. Msipoanza hapo, mimi na baba tutabaki nyumbani na Azam TV, na sidhani kama mpira wetu utakuwa umepata faida.

---

Kizibao

Wakuu, mimi huwa nafanya kazi ya geti siku za mechi, tunavaa vile vizibao vya kung'aa, kwa hiyo nitazungumzia ninachokijua. Sina usomi wa ndugu wa Upanga lakini hesabu yake ya mageti saba imenikaa, nikaifanya ya kwetu. Kama geti moja linapitisha watu 660 kwa saa, ni mtu mmoja kila sekunde tano na nusu. Ukitaka kuingiza watu 60,000 kwa saa moja unahitaji mageti 91. Na sekunde tano na nusu ni za mtu aliyekuja na kadi yake mkononi, ina salio, hana begi, hana mtoto begani, na hana mjadala. Niambieni mmewahi kumwona wapi mtu huyo siku ya dabi.

Nitawaeleza kinavyokuwa. Asubuhi watu wanakuja wachache, wanacheka, wananunua mahindi ya kuchoma na maji ya kandoro, tunataniana kuhusu jezi. Saa tisa alasiri, ikiwa mpira ni saa kumi na moja, foleni bado ni foleni, unaweza kuona mwanzo na mwisho wake. Kuanzia hapo daladala na bodaboda zinamwaga watu kwa mkupuo, na kuna dakika fulani, huwa siioni inakuja bali naisikia, ambapo utani unakoma. Watu mia tatu wanaacha kuongea kwa pamoja. Ukisikia ukimya huo ujue wa mbele wameanza kubanwa kifua. Wa nyuma hawajui, wao wanasikia ngoma na vuvuzela za ndani na wanaona muda unakwenda, kwa hiyo wanasogea hatua moja tu, kila mmoja hatua moja tu, na hatua zile zote zinakuja kuishia kwa mama mmoja aliyeegemea chuma cha geti langu. Nimewahi kumtoa mtoto kwa kumpitisha juu ya vichwa vya watu, viatu vyake vikabaki kwenye kundi.

Ninachotaka kusema ni kwamba hao wote walikuwa wanakwenda kwenye uwanja wa viti. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, shabiki mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa kwa msongamano wa kuingia, na uwanja ule una viti kila mahali. Mwaka 2021, tarehe 21 Machi, wananchi 45 walipoteza maisha kwenye Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli, na siku hiyo hapakuwa hata na mpira. Ellis Park, Johannesburg, Aprili 2001, wakicheza Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, walikufa watu 43 kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa na walioko nje bado wanasukuma kuingia. Mwezi uliofuata, Accra, mashabiki waling'oa viti wakavirusha, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti wakakuta yamefungwa, wakafa zaidi ya 120. Viti vilikuwapo, na ndivyo vilivyogeuka silaha. Hata sisi Desemba 2024 tuliona viti zaidi ya 200 vikivunjwa kwa Mkapa, Simba ilipocheza na CS Sfaxien.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama watu wasimame au wakae, namjibu aniambie kwanza wanaingiaje na wanatokaje, na nani anawahesabu. Mkiniwekea eneo la kusimama lenye watu 3,000, geti lake peke yake, njia yake peke yake, na mtu wa 3,001 anarudishwa hata kama ni mjumbe wa tawi au binamu wa kiongozi, mimi nitalilinda na nitalala usingizi. Mkinipa geti moja linaloingiza waliosimama na waliokaa pamoja, halafu saa kumi na nusu mkubwa anapiga simu anasema "wafungulieni tu, waingie", basi hata mkiweka makochi watu watakufa.

Dada Binti Temeke, kuhusu mikono ya watu, umesema kweli, na malalamiko hayo tunayapokea getini wakati wa kutoka, yakiwa yamechelewa. Shikamoo yangu umfikishie mzee.

---

Fundi Gerezani

Kwa ufupi, kwa kuwa nina kazi ya watu inanisubiri.

Kwanza, ghorofa ya juu ya uwanja sahauni. Mteremko wake ni mkali, na mtu aliyesimama pale kitovu chake kiko juu kuliko mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Akisukumwa hana cha kumzuia ila mtu wa chini yake, na wa chini naye vivyo hivyo. Kijana wa raba nyeupe aliponea kwa sababu alikuwa sehemu ya chini. Kusimama kuwe nyuma ya magoli, ngazi za chini tu.

Pili, kundi linaloruka kwa mdundo mmoja wa ngoma lina uzito tofauti na kundi lile lile lililokaa. Zege hupokea uzito uliotulia na uzito unaopiga kwa njia mbili tofauti. Kabla ya kuruhusu watu 3,000 waruke pamoja, mhandisi wa majengo apime jukwaa hilo na asaini kwa jina lake. Hilo si la kujadiliana.

Tatu, reli. Bomba la kawaida tunaloshonea mageti ya nyumbani halifai, kwa sababu haliwekwi ili lipendeze, bali lizuie safu nzima ya watu wanaoanguka kwa pamoja. Tena tuko pwani. Chuma kisichochovywa zinki, kwa upepo huu wa chumvi, miaka mitatu utaona kutu imekula pale kwenye nati, ndani, chini ya rangi mpya iliyopakwa wiki ya ufunguzi. Reli iliyooza ni mbaya kuliko kutokuwa na reli, maana watu wataiegemea kwa imani. Kwa hiyo anayetaka reli apange pia bajeti ya kuzikagua kila msimu, na nchi hii tunajua kuzindua kuliko kukagua.

Mtu akitoa fedha na mchoro wa mhandisi, kazi yenyewe Gerezani inafanyika, haihitaji meli kutoka China.

---

Kijana wa Mtoni

Nawashukuru wote. Nimekuja na swali moja nimeondoka na mengine, na nakiri kwamba nililiuliza vibaya mwanzoni. Nilikuwa nafikiria raha ya anayesimama. Dada wa Temeke amenifanya nione kwamba hoja yenye nguvu zaidi ya kutenga eneo la kusimama ni mzee wake: wanaotaka kuruka wakiwa na mahali pao, wanaotaka kukaa wataona mpira kwa kiingilio kile kile.

Basi naibadilisha hoja hivi. Kwa mechi za ligi tu, ngazi za chini nyuma ya goli moja, nafasi moja mtu mmoja kama walivyofanya Waingereza na si kama Wajerumani, geti la peke yake lenye hesabu ya peke yake, na mhandisi asaini. Kiingilio kilingane na cha mzunguko wa kukaa, ili asiwepo anayekwenda kusimama kwa umaskini wala anayekaa kwa uwezo. Idadi ya watu uwanjani isiongezeke hata kwa mmoja. Je, dada, kwa masharti hayo ungekubali?

---

Binti Temeke

Ningekubali lijaribiwe msimu mmoja, kaka yangu, na ningekuja kuangalia. Lakini umeacha jambo moja ambalo kwangu ndilo lenyewe. Umewapa wanaosimama mahali pao. Sasa kwenye eneo letu la kukaa, dakika ya themanini na tano, timu imepata penalti, na jamaa mmoja mwenye mgongo kama kabati amesimama mbele ya baba. Nani atakayekwenda kumwambia akae?

---

Kizibao

Dada, kazi hiyo ni yangu, na nimeshawahi kuifanya. Nilimgusa bega, nikamwambia kwa adabu, "Ndugu yangu, nyuma yako kuna mzee." Akageuka, akamwona mzee kweli, akamwamkia shikamoo, akakaa. Penalti ikapigwa, ikaingia, akasimama tena yeye na jukwaa zima, na mimi pia nilikuwa nimesimama.